Kosa, Hitilafu na Kasoro: Istilahi za Hesabu Zisizolingana baina ya Mashine na Mashine

Msomaji anayetaka kulijaribu jambo linaloelezwa katika makala haya hahitaji kwenda mbali. Na aingie Kariakoo kwa upande wa Mtaa wa Msimbazi, atafute duka lolote linalouza vifaa vya shule, aombe kuoneshwa vikokotoo viwili: kimoja kile kidogo cha tarakimu nane ambacho wauza nafaka hukiweka juu ya gunia, na cha pili kile cha wanafunzi wa sekondari chenye vitufe vingi. Katika kila kimoja agawe 1 kwa 3, kisha jibu alizidishe kwa 3. Kikokotoo kidogo kitamwonesha 0.9999999. Kile cha wanafunzi kitamwonesha 1. Muuzaji akiulizwa ni kipi kibovu atajibu kwamba hakuna kibovu, naye atakuwa amesema kweli. Kikokotoo kidogo kimefanya kazi na tarakimu zile zile kinazozionesha; 0.3333333 mara tatu ni 0.9999999, wala hakuna udanganyifu. Kile kikubwa kinaficha tarakimu kadhaa za ziada nyuma ya kioo, na kabla ya kuonesha jibu hulisogeza kwenye namba iliyo karibu.

Jambo hilo dogo, likipandishwa kutoka kwenye kikokotoo hadi kwenye kompyuta na simu zinazotunza hesabu za maduka, mishahara na mitihani, limekuwa chanzo cha mabishano mengi. Zamani lilikuwa jambo la wahandisi peke yao. Siku hizi ripoti zinazolieleza humfikia mtumishi wa Serikali, mwalimu na mfasiri, na kila mmoja wao anatakiwa aliseme kwa Kiswahili. Hapo ndipo taabu inapoanza, kwa sababu maneno tuliyo nayo, ingawa ni mema kila moja mahali pake, yakipangwa vibaya humtia mtu hatiani.

Nitoe kisa chenyewe, kwa kuwa mimi ni sehemu yake.

Mwenye duka mmoja wa Kariakoo, muuzaji wa jumla wa madaftari na vifaa vya ofisi, alikuwa akitunza mauzo yake kwa programu mbili. Moja ilikuwa katika kompyuta ya mezani, pale anapoketi karani wake. Ya pili ilikuwa katika simu yake mwenyewe, ili aweze kuona mauzo akiwa safarini. Mauzo yale yale yaliingizwa kote kuwili. Mwisho wa robo mwaka jumla ya kodi katika simu ilizidi ile ya kompyuta kwa zaidi ya shilingi elfu kumi. Aliitwa mhasibu wa nje, akakagua, akaandika ripoti kwa Kiingereza. Ripoti ikaletwa kwangu nifasiri. Mahali fulani palisemwa kwamba tofauti ile inatokana na kile ambacho wanahisabati hukiita kosa la kusogeza namba, na kwamba safu za kompyuta ya mezani zilipungukiwa na kile ambacho Waingereza hukiita precision. Nami, kwa haraka na kwa kutegemea kamusi, nikaandika: "Katika safu za karani kuna kosa la kukadiria na ukosefu wa usahihi."

Wiki iliyofuata nilipita dukani. Karani, binti wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amekatwa mshahara. "Mwalimu," akaniambia, "mimi sikukadiria kitu. Nilibonyeza yaliyoandikwa kwenye risiti." Tajiri wake akaitoa karatasi yangu kwenye mtoto wa meza. "Wewe mwenyewe umeandika hapa, Mwalimu. Kosa. Kukadiria. Ukosefu wa usahihi. Niielewe vipi?"

Hakuielewa vibaya. Aliielewa kama Mswahili yeyote angeielewa, na maneno yangu ndiyo yaliyokuwa na dosari.

Tuanze na neno kosa. Katika Kiswahili kosa lina mwenyewe. Mtu hukosa, mtu huomba radhi kwa kosa, hakimu husoma kosa. Hata pale tunaposema kosa la uchapaji, tunajua yupo mchapaji. Sasa kikokotoo kilichotoa 0.9999999 kimekosa nini? Kimefuata sheria yake mpaka mwisho. Kinachoonekana ni tofauti baina ya jibu lake na jibu la kikokotoo cha pili, au baina ya jibu lake na jibu la kweli. Kwa tofauti ya namna hiyo lugha yetu tayari ina neno, nalo ni hitilafu. Asili yake katika Kiarabu ni kutofautiana, na maana hiyo haijatutoka: watu wawili wakihitilafiana, haimaanishi kwamba mmoja wao ni mwizi. Ni kweli kwamba mafundi wameligeuza kuwa la kuharibika, kama hitilafu ya umeme, lakini hata huko halimtaji mkosaji.

La tatu ni kasoro. Neno hili watu wengi hulitumia kwa maana ya dosari, wakasahau kwamba kila siku wanalitumia kwa hesabu: saa mbili kasoro robo, kumi kasoro moja. Kasoro ni upungufu unaopimika. Kwa hiyo 0.9999999 ni moja kasoro kitu kidogo sana. Napendekeza tuyatenge hivi: kosa liwe pale ambapo mtu au kiwanda kimekwenda kinyume cha sheria kilichotakiwa kuifuata, hitilafu iwe tofauti baina ya thamani mbili, ilivyo, bila kumtaja mkosaji, na kasoro iwe ile hitilafu iliyoelemea upande wa kupunguza. Aliyesoma ripoti yangu angekuta "hitilafu" mahali pa "kosa", angeuliza imetoka wapi, badala ya kuuliza imetoka kwa nani.

Neno lililofanya madhara makubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa kukadiria. Walimu wa shule za msingi watanilaumu, maana wao hufundisha kukadiria namba katika makumi au mamia yaliyo karibu, na mtoto huelewa. Lakini mtoto huyo akikua akafungua duka Kariakoo, neno hilo atalisikia kwa maana mbili nyingine. Kwanza, kukadiria ni kubahatisha kwa akili: kukadiria mzigo kwa kuutazama. Pili, na hii ndiyo inayouma, makadirio ni kodi: mfanyabiashara hukadiriwa, hukubali makadirio au huyapinga. Mwenye duka akisoma kwamba karani wake alikadiria kodi, anasoma kwamba msichana alijitwalia kazi ya mamlaka na kuandika kiasi alichokitaka.

Kinachofanywa na mashine si kubahatisha. Ni kuisogeza namba mpaka ile iliyo karibu nayo katika orodha ya namba zinazoruhusiwa. Kitenzi kukaribisha kingefaa kama kisingekuwa kimeshikwa na wageni. Lakini tunacho ndugu yake, kukurubia, yaani kuwa karibu na kitu, na kutokana nacho kukurubisha, yaani kukileta kitu karibu. Napendekeza kukurubisha namba, na tendo lenyewe liwe ukurubishaji. Hitilafu inayotokana nalo itakuwa hitilafu ya ukurubishaji.

Kando ya kukurubisha kuna tendo jingine ambalo wafasiri huliunganisha nalo kwa makosa, la kukata tarakimu zote zilizo baada ya mahali fulani bila kujali ukubwa wake. 152.9 ikikurubishwa kwenye namba kamili ni 153. Ikikatwa ni 152. Hapa hatuna haja ya kubuni. Wazee wa Pwani walipopima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vikifanya pishi, walitofautisha kibaba cha tele, kilichojaa mpaka kikafanya kichuguu, na kibaba cha mfuto, ambacho mpimaji alipitisha kiganja juu ya ukingo akafuta kilichozidi. Mfuto ndiyo istilahi yenyewe, nayo imetungoja muda mrefu. Na ile tabia ya kinyume chake, ya kupandisha juu kila mara, soko la leo linaijua kwa jina la lumbesa, gunia lililovikwa kilemba, ambalo sheria ya vipimo inalikataza. Sipendekezi lumbesa iingie katika vitabu vya hisabati, ingawa mwanafunzi wa Kariakoo angeielewa mara moja. Ukurubishaji wa juu watosha.

Sasa tuitazame hitilafu ya duka lile. Bei ya rejareja ya bidhaa huwa na Kodi ya Ongezeko la Thamani ndani yake. Kwa kiwango cha asilimia 18 kilichoanza kutumika nchini mwaka 2009, kodi iliyomo katika shilingi 1,000 ni 1,000 mara 18 gawa kwa 118, yaani shilingi 152.5423 na tarakimu zinazoendelea. Programu ya simu ilikuwa ikikurubisha kila mstari wa risiti kwenye shilingi kamili: 153. Programu ya kompyuta ilikuwa ikifuta: 152. Kwa mistari 10,000 ya namna hiyo, simu itasema 1,530,000 na kompyuta itasema 1,520,000. Kodi ya kweli, ikipigwa mara moja juu ya jumla ya shilingi 10,000,000, ni 1,525,423.73. Kwa hiyo hakuna hata moja iliyosema kweli. Moja ina ziada ya shilingi 4,576 na nyingine ina kasoro ya shilingi 5,424, na baina yao ni elfu kumi kamili. Karani hakugusa hata senti.

Hitilafu ya namna hiyo haikomi kwa kuongeza senti. Mashine ya risiti inayochapa senti mbili itaandika 152.54 kwa kila bidhaa ya shilingi 1,000. Bidhaa tatu zitafanya 457.62. Jumla ya 3,000 ikipigiwa kodi mara moja inatoa 457.63. Mkaguzi anayetazama safu mbili hizo atakuta senti moja haipo, na akitaka kuitafuta atapoteza siku nzima.

Sehemu ya pili ya sentensi yangu mbaya ilikuwa "ukosefu wa usahihi". Kiingereza kina maneno mawili hapa, accuracy na precision, na sisi huyafasiri yote mawili kwa neno usahihi. Tofauti yake yaonekana kwenye mizani. Chukua mzani wa kielektroniki unaosoma mpaka gramu moja, lakini umechezewa ukazidisha gramu 50 kwa kila kilo. Kisha chukua mzani wa mawe uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ambao hauwezi kutofautisha chini ya robo kilo. Wa kwanza unabainisha vitu vilivyokaribiana sana, ila unasema uongo. Wa pili unasema kweli, ila kwa ujumla jumla. Usahihi ni wa mzani wa pili. Sifa ya mzani wa kwanza, ile ya kuweza kutenga thamani mbili zinazokaribiana, napendekeza iitwe ubainifu. Wanaisimu tayari wanasema sifa bainifu kwa maana hiyo hiyo ya kutenga kitu na kinachofanana nacho, kwa hiyo neno si geni kwa wasomaji wa jarida hili. Kikokotoo kidogo kina ubainifu wa tarakimu nane. Programu inayofuta ina ubainifu mdogo. Karani anaweza kuwa msahihi kabisa huku mashine yake ikiwa haina ubainifu wa kutosha. Nami nilikuwa nimeandika kinyume.

Baada ya kulifahamu hilo, mtaalamu kijana wa programu aliyekuja kuisaidia kazi hiyo alizirekebisha programu zote mbili zikurubishe kwa namna moja. Hitilafu ya elfu kumi ikatoweka. Ikabaki ya mia kadhaa, upande wa simu, katika safu ya mauzo bila kodi. Kuieleza hiyo kunahitaji tuingie ndani ya mashine.

Kompyuta haihesabu kwa kumi. Inahesabu kwa mfumo wa uwili, yaani kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Mswahili hapaswi kushangaa, maana sokoni sisi wenyewe hukata kwa wawili: nusu, robo, thumuni. Mtu mwenye mawe ya mzani ya nusu, robo, thumuni, na kuendelea kwa nusu ya kila lililotangulia, anaweza kupima robo tatu barabara. Lakini mwambie apime sehemu moja ya kumi ya kilo. Ataweka jiwe la moja ya 16 na la moja ya 32, apate 0.09375, ataongeza la moja ya 256 na la moja ya 512, apate 0.099609375; ataongeza tena na tena, na hata akiwa na mawe madogo kama vumbi hatafika kwenye 0.1. Sehemu ya kumi kwa mfumo wa uwili ni kama sehemu ya tatu kwa mfumo wetu: haina mwisho. Ndiyo sababu lugha nyingi za kuandikia programu, zikiulizwa 0.1 jumlisha 0.2, hujibu 0.30000000000000004. Senti kumi ya shilingi, ambayo kwetu ni kitu kamili, ndani ya mashine ni kitu kilichokurubishwa tangu kilipoingia.

Namba hizo hutunzwa kwa namna ambayo Waingereza huiita ya nukta inayoelea. Tafsiri hiyo ya neno kwa neno imeshaanza kuenea, na mimi siipendi sana, kwa kuwa nukta haielei kama ngalawa isiyo na nanga. Inahamishwa kwa makusudi. Kinachoandikwa ni tarakimu zenyewe kwanza, kisha idadi ya nafasi ambazo nukta imehamishwa, kama tuandikavyo 2.5 mara kumi kipeo cha tatu badala ya 2,500. Wengine wamejaribu "nukta elezi", lakini msomaji atafikiri inatokana na kueleza. Nukta hamishi inatosha, na kinyume chake, pale nukta inapokaa mahali pamoja siku zote, iwe nukta tuli.

Ukubwa wa nafasi ya tarakimu ndio unaoamua ubainifu. Aina fupi ya nukta hamishi, yenye biti 32, hutenga 24 kwa ajili ya tarakimu, ambazo ni sawa na tarakimu saba hivi za kawaida. Namba kamili zote mpaka 16,777,216 zinaandikika humo. 16,777,217 haiandikiki. Ukiwa na 16,777,216 ukajumlisha shilingi moja, jibu ni 16,777,216. Ukajumlisha tena moja, jibu ni lile lile, hata ukifanya hivyo toka asubuhi mpaka adhuhuri. Katika nchi ambazo fedha yake ina thamani kubwa kwa kila kipande kimoja, duka dogo huenda lisifikie kiasi hicho. Duka la jumla la Kariakoo hulipita kabla ya mwezi kwisha. Programu ya simu ile ilitunza jumla zake kwa aina fupi, na jumla ilipovuka mpaka huo shilingi za witiri zikaanza kudondoka. Aina ndefu, yenye biti 64, hutenga 53 kwa tarakimu na inaandika kila namba kamili mpaka zaidi ya trilioni 9,000. Kijana alibadili aina, akaihesabu upya robo mwaka nzima, na shilingi zikalingana.

Hata hivyo haikuwa mwisho. Safu moja ya wastani wa bei ilikuwa bado inatofautiana, sasa katika tarakimu ya kumi na sita. Programu ni ile ile, data ni ile ile, mpangilio ni ule ule. Kilichobaki ni kichakataji, yaani kile kipande cha ndani ambacho ndicho kinachopiga hesabu, na kilicho katika simu si cha ukoo mmoja na kilicho katika kompyuta ya mezani.

Hapa historia kidogo yafaa. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini, marufuku iliyolegezwa baadaye. Katika miaka hiyo kila kiwanda duniani kilikuwa na namna yake ya kuandika nukta hamishi. IBM, katika mashine zake za System/360 zilizotangazwa mwaka 1964, ilihesabu kwa kumi na sita. Wengine kwa mbili. Wengine walifuta pale wenzao walipokurubisha. Hesabu iliyohamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine ilifika na sura mpya. Mwaka 1985 ndipo ulipotolewa mwafaka wa pamoja unaojulikana kwa namba yake, 754, ambao William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa msanifu wake mkuu. Mwaka 1989 alipewa Tuzo ya Turing. Kwa hakika ni kazi ya usanifishaji kama hii yetu. Walikubaliana namba iandikweje, ikurubishweje, na ikiwa katikati kabisa ya mbili isogezwe upande upi.

Mwafaka huo haukufunga milango yote. Kichakataji kisaidizi cha Intel kiitwacho 8087, cha mwaka 1980, kilishika hesabu za njiani kwa biti 80 kabla ya kuzirudisha kwenye 64, kwa hiyo namba ilikurubishwa mara mbili, na jibu lilitegemea ni wakati gani programu iliitoa namba humo ndani. Vichakataji vya leo vina kitendo cha kuzidisha na kujumlisha kwa mkupuo mmoja. Tuchukue mashine ya kufikirika yenye tarakimu tatu tu. 1.23 mara 4.56 ni 5.6088. Mashine inayokwenda hatua kwa hatua inaikurubisha hiyo iwe 5.61, kisha inatoa 5.60 na kupata 0.01. Inayokwenda kwa mkupuo inatoa 5.60 kutoka kwenye 5.6088 yenyewe, inapata 0.0088. Zote mbili zimetii mwafaka. Programu inayotafsiri maagizo kwa ajili ya vichakataji vya simu aghalabu hutumia mkupuo bila kuulizwa. Ile ya kompyuta za mezani, isipoamriwa, mara nyingi haiutumii. Ndivyo ilivyokuwa katika safu ya wastani.

Kuna na suala la mpangilio. Katika mashine yetu ya tarakimu tatu, 1,000 jumlisha 4 ni 1,004, inayokurubishwa kuwa 1,000. Ongeza 4 nyingine, bado 1,000. Lakini anza na 4 jumlisha 4, upate 8, kisha ongeza 1,000: 1,008, inayokurubishwa kuwa 1,010. Tuliyofundishwa shuleni, kwamba kujumlisha hakujali mabano, hayashiki hapa. Kompyuta inayogawa safu ndefu kwa vichakataji vinne, kila kimoja kikajumlisha fungu lake, inaweza kutoa jibu tofauti na ile iliyokwenda moja kwa moja toka juu hadi chini.

Mtu asidhani haya ni mambo ya tarakimu ya kumi na sita tu. Tarehe 25 Februari, 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Kimarekani wa kuzuia makombora, Patriot, ulishindwa kulizuia kombora la Iraki, na askari 28 wakafa. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi, kama tulivyoona, haiandikiki kwa uwili. Ilikuwa imefutwa kwenye nafasi ya 24. Baada ya saa 100 za kuwashwa mfululizo kasoro ilifika sekunde 0.34 hivi. Huo ni mfuto. Linganisha na kichakataji cha Pentium cha Intel, ambacho mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely wa Virginia, Marekani, aligundua kinagawa vibaya: 4,195,835 gawa kwa 3,145,727 ni 1.33382, kikatoa 1.33374. Jedwali lililochongwa ndani yake lilikosa baadhi ya maingizo. Hapo neno ni kosa, bila kupepesa macho, maana mwafaka ulikuwepo nao haukufuatwa. Intel ilijitwisha gharama ya dola milioni 475 kwa kuyabadilisha.

Tendo la kuisaka hitilafu kama hizi Kiingereza kinaliita kutoa wadudu, na tafsiri hiyo imeonekana mahali fulani. Ni kweli kwamba mafundi wa Harvard walimkuta nondo katika mashine yao mwaka 1947 wakambandika daftarini, na neno lilikuwapo hata kabla ya hapo. Lakini Kariakoo mdudu ni wa maharage, na aliyeambiwa programu yake ina wadudu ataitafutia dawa. Kusaka hitilafu kunatosha. Utaratibu wake ndio unaostahili kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu mfasiri ataukuta katika kila kitabu cha maelekezo. Kwanza data iwe ile ile kwa mashine zote mbili, na mpangilio ule ule. Kisha tarakimu zote zichapwe, si zile zinazopendeza kioo. Kwa aina ndefu, tarakimu 17 zinatosha kuitambulisha namba moja na nyingine isichanganywe nayo. Baada ya hapo msakaji haanzi na jibu la mwisho. Anakata njia katikati, anatazama kama hapo namba zinalingana. Zikilingana anakwenda mbele, zisipolingana anarudi nyuma, mpaka afike kwenye hatua ya kwanza ambapo mashine ziliachana. Kule anakuta ama mfuto dhidi ya ukurubishaji, ama aina fupi dhidi ya ndefu, ama mkupuo, ama mpangilio. Kile kilichobaki baada ya kuondoa vinavyoondoleka hakifutwi, bali huwekewa mpaka. Wahandisi huuita uvumilivu: kiasi ambacho tofauti ikiwa chini yake hesabu mbili huhesabiwa kuwa moja. Na fedha haitakiwi kabisa kutunzwa kwa nukta hamishi. Itunzwe kwa namba kamili za senti, au kwa aina ya kidesimali, ambayo mwafaka wa 754 uliiongeza mwaka 2008.

Sentensi ya ripoti nimeiandika upya hivi: "Baina ya safu za kompyuta na safu za simu kuna hitilafu ya ukurubishaji, kwa sababu programu ya kompyuta inafuta na ya simu inakurubisha, ubainifu wa aina iliyotumika katika simu ni mdogo kuliko jumla zinazotunzwa, usahihi wa maingizo ya karani haukuguswa." Tajiri aliisoma mara mbili, akauliza maana ya kukurubisha, akaelezwa kwa kibaba. Mshahara uliokatwa ulirudishwa mwezi uliofuata. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi niliyempa rasimu ya makala haya amenijibu kwamba ubainifu na mfuto anavipokea, lakini kukurubisha hatalifundisha darasa la nne mpaka vitabu vya kiada vibadilishwe, na kwamba mpaka wakati huo wanafunzi wake wataendelea kukadiria.